Kusoma kompyuta Dar es Salaam: UDSM, DIT, IFM au Chuo Kikuu Huria?

Matokeo ya Kidato cha Sita yakishatoka na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ikafungua dirisha la udahili, simu zinaanza kulia. Mdogo wetu alisoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) au EGM (uchumi, jiografia na hisabati), ufaulu wake unaruhusu, anataka kusoma kompyuta na anataka kubaki Dar. Aombe wapi? Kadiri ninavyofanya kazi na vijana wanaokuja ofisini kwetu kwa fildi (mafunzo kazini), ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba wengi tunaanzia pabaya. Tunalinganisha majina ya kozi, na majina hayo yanafanana mno: sayansi ya kompyuta, teknolojia ya habari, uhandisi wa kompyuta, TEHAMA. Zinazotofautiana sana ni idara zenyewe. Kila moja ina kazi iliyoizaa, na kazi hiyo ndiyo itakayoamua ukeshe na nini kwa miaka 3 au 4.

Hapa nalinganisha idara za vyuo vinne vya umma: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Vyuo vingine vipo jijini, vya serikali na vya binafsi. Nimechukua hivi kwa sababu vinaonyesha njia nne zilizo wazi, na ukielewa namna ya kuvipima utaweza kupima na vingine.

Idara ya kompyuta ipo kwa ajili gani

Fani hii ni changa kila mahali. Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kutoa diploma yake mwaka 1953, na idara ya Chuo Kikuu cha Purdue, ya kwanza ya sayansi ya kompyuta nchini Marekani, ilianzishwa mwaka 1962. Sisi hatukuchelewa sana kuziona mashine zenyewe: kompyuta ya ICT 1500 iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Tulichelewa kupata watu. Mfumo wa hesabu za serikali ulipoleta vurugu na hasara, mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, na zuio hilo lilichukua miaka mingi kulegezwa. Kwangu mimi historia hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuwepo kwa idara hizi. Nchi inahitaji watu wake wanaoweza kuufungua mfumo, kujua umekosea wapi, na kuurekebisha bila kusubiri mgeni.

Ukisoma malengo ya idara yoyote utakuta kazi tatu: kufundisha, kutafiti, na kuhudumia jamii kwa ushauri wa kitaalamu. Maandishi yanafanana, mizani ndiyo haifanani. Vyama viwili vikubwa vya fani hii duniani, ACM na IEEE, vilipotoa mwongozo wa mitaala mwaka 2005 viliigawa fani katika matawi matano: uhandisi wa kompyuta, sayansi ya kompyuta, mifumo ya habari, teknolojia ya habari na uhandisi wa programu. Hakuna idara inayoweza kuyabeba yote kwa uzito uleule. Inachagua, hata kama haisemi kwamba imechagua.

Vigezo nitakavyotumia ni hivi: lengo la idara, uzito wa hisabati na nadharia, vitendo, utafiti na huduma kwa jamii, kisha ratiba na gharama. Ajira sijaifanya kigezo peke yake, kwa sababu waajiri wanaangalia unachoweza kufanya, na hicho kinatokana na hivyo vingine.

Swali moja, macho manne

Njia nzuri ya kuona tofauti za malengo ni kuchukua tatizo moja la mjini. Kijana yuko Tandale, anamtumia dada yake wa Mbagala shilingi 50,000 kwa simu. Kwake hela imekatwa. Katikati ya safari seva moja inazima. Dada hajapokea kitu.

Mwanafunzi wa *sayansi ya kompyuta* anafundishwa kuuliza: tunahakikishaje kwamba muamala unakamilika wote au haufanyiki kabisa? Atasoma namna kanzidata (ghala la taarifa za mfumo) inavyoandika kumbukumbu ya kila hatua kabla ya kubadilisha salio, ili mashine ikiwaka tena ijue pa kuendelea au pa kurudi. Ataambiwa athibitishe kwa mantiki kwamba hela haiwezi kupotea wala kuzaliwa mara mbili, hata kama ujumbe uleule umetumwa mara mbili.

Mwanafunzi wa *uhandisi wa kompyuta* anaanza na mashine. Kwa nini seva ilizima? Umeme wa akiba ulichukua muda gani kuingia? Kuna seva ya pili inayopokea kazi hiyo papo hapo? Mtandao kati ya mnara na kituo cha data ulipoteza nini njiani?

Idara iliyo ndani ya *chuo cha fedha* inamvuta mwanafunzi wake kwenye daftari la hesabu. Binti mmoja aliyekuja kwetu kwa fildi akitokea IFM alipewa tatizo la namna hii. Kabla hajagusa kompyuta alimgeukia mkubwa wake wa kazi: “Kaka, samahani, kabla ya kurudisha hela naomba nijue nani ana ruhusa ya kurudisha, na nani anaona kwamba imerudishwa.” Swali hilo halimo kwenye kitabu cha algoriti, yaani hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta. Ni swali la mkaguzi wa hesabu, na mfumo wowote wa malipo usiolijibu utaibiwa.

Na mwanafunzi wa *masafa*, anayesoma akiwa mbali kama wa Huria, mara nyingi ndiye aliyepokea simu ya huyo dada, kwa sababu tayari yuko kazini. Anasoma usiku kile kilichomshinda mchana.

Macho yote manne yanahitajika. Ofisi yenye jicho moja tu inaumia.

Lengo la idara

UDSM kilianza mwaka 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Masomo ya kompyuta yako chini ya Ndaki ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, CoICT, ambayo haiko Mlimani bali Kijitonyama, karibu na kituo cha Sayansi. Mwelekeo wake ni wa chuo kikuu cha utafiti: anatarajiwa mhitimu anayeweza kuendelea hadi uzamili na uzamivu, kufundisha wengine, na kubuni mifumo mipya badala ya kuendesha iliyopo tu. Sayansi ya kompyuta na uhandisi wa kompyuta zinakaa pamoja katika idara moja, na hilo ni jambo zuri kwa mtu ambaye bado hajajua aegemee wapi.

DIT ina damu ya ufundi. Ilianza mwaka 1957 kama taasisi ya ufundi, ikawa Chuo cha Ufundi mwaka 1962 (wazee bado wanaiita Dar Tech), na mwaka 1997 sheria ikaifanya taasisi ya teknolojia. Lengo lake ni mhandisi na fundi sanifu anayeweza kufunga, kuunganisha na kutengeneza. Shahada yake ya uhandisi wa kompyuta ni ya miaka 4.

IFM iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972 ili nchi ipate wataalamu wa benki, bima, kodi na fedha. Kompyuta iliingia baadaye, ikakuta nyumba yenye wahasibu. Leo kina shahada za sayansi ya kompyuta na teknolojia ya habari, za miaka 3, lakini mazingira yake bado ni ya fedha: wenzako wa bwenini na kantini watakuwa wa benki na bima, na mifano ya darasani itatoka huko.

Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kikaanza kufundisha mwaka 1994. Lengo lake ni kufikisha elimu ya chuo kikuu kwa watu ambao ratiba ya darasani inawafungia mlango: mwajiriwa, mama mwenye mtoto mchanga, mtu aliye mkoani. Makao makuu yapo Kinondoni, vituo vipo mikoani.

Jambo moja linawachanganya wazazi. DIT na IFM hazina maneno “chuo kikuu” kwenye majina yao, lakini shahada zao ni shahada. Zinafuata ngazi za NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, ambapo ngazi ya 8 ndiyo shahada ya kwanza. Usikubali kuambiwa kwamba mtoto “hajaenda chuo kikuu.”

Hisabati na nadharia

Hapa ndipo wengi huumia, na mara nyingi ni kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema. Kijana amejifunza kutengeneza tovuti kwa video, amependa, akaomba sayansi ya kompyuta. Semista ya kwanza anakutana na seti, mantiki, uthibitisho na uwezekano, na anahisi amedanganywa. Hajadanganywa. Sayansi ya kompyuta ni tawi lililozaliwa na hisabati, na programu ni namna mojawapo ya kuitumia.

UDSM ndiyo yenye uzito mkubwa upande huu: nadharia ya ukokotozi, algoriti, miundo ya data, mifumo endeshi. Ukipenda kujua *kwa nini* kitu kinafanya kazi, utakuwa nyumbani. DIT nayo ina hisabati nyingi, ila ni ya mhandisi: hesabu za mabadiliko, saketi, mawimbi, elektroniki. Usidhani kwamba vitendo maana yake hesabu nyepesi. Waliodhani hivyo wamerudia mitihani. IFM inafundisha misingi ileile ya algoriti na kanzidata, ikiongezewa ladha ya biashara na udhibiti. Huria mtaala una misingi yake, lakini tofauti kubwa ni kwamba unapambana na uthibitisho mgumu ukiwa peke yako saa nne usiku. Hisabati ya kujisomea inataka mtu wa nidhamu ya hali ya juu, au kikundi cha wenzako mnaokutana kila Jumamosi bila kukosa.

Vitendo

Kwa upande wa mikono, DIT ina sifa iliyoipata kihalali. Utamaduni wa karakana upo, na mwanafunzi aliyepitia diploma pale kabla ya shahada anakuja akiwa ameshashika vifaa kwa miaka. Pia ina kituo cha umahiri cha TEHAMA kilichoanzishwa kwa ushirikiano na India.

UDSM ina maabara na mafunzo kwa vitendo, na jirani yake Kijitonyama ni COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, ambako kumelelewa kampuni changa za teknolojia. Ujirani huo ni faida kwa mwanafunzi anayetoka darasani na kwenda kutafuta watu. Kwa anayerudi hosteli moja kwa moja hauna maana yoyote. IFM iko mtaa wa Shaaban Robert, katikati ya mji, umbali wa kutembea kwa miguu hadi makao makuu ya mabenki na ofisi nyingi za serikali, na hilo lina uzito wakati wa kutafuta nafasi ya fildi. Kwa wa Huria aliye kazini, vitendo ni kazi yake mwenyewe, mradi kazi hiyo inahusu kompyuta. Kama haihusu, hapa ndipo penye pengo kubwa kuliko yote, na ni lazima alizibe mwenyewe kwa kujitolea mahali au kuchangia programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote.

Niongeze hili kwa vyuo vyote vinne: kipimo cha kweli cha vitendo ni projekti ya mwaka wa mwisho. Omba orodha ya mada za mwaka uliopita. Idara ambayo kila projekti ni “mfumo wa kusajili wanafunzi” inakuambia kitu. Idara yenye projekti za kutambua ugonjwa wa majani ya mihogo kwa picha, za kupima maji ya bomba, za kusoma Kiswahili kwa sauti, inakuambia kitu kingine.

Utafiti na huduma kwa jamii

Wanaoomba shahada ya kwanza hukiruka kigezo hiki, nami nadhani ndicho kinachofichua lengo la idara kuliko chochote.

Chukua mfano wa UDSM. Mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux, idara ya sayansi ya kompyuta ilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu na amri za Kiswahili. Kazi hiyo ilidai kamusi, mabishano ya istilahi, na watu wa lugha kukaa meza moja na waandishi wa programu. Baadaye wataalamu wa idara hiyohiyo, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo, walikuwa sehemu ya kazi ya kuleta DHIS2, mfumo ambao vituo vya afya nchini hutumia kutoa taarifa zao. Muuguzi anayejaza idadi ya watoto waliochanjwa hamjui mhadhiri yeyote wa Kijitonyama, lakini kazi ya mhadhiri huyo imemfikia. Huo ndio utafiti unaomgusa mtu, na mwanafunzi anayeuona kwa karibu anaondoka na picha tofauti ya kile anachoweza kuifanyia nchi yake.

DIT hutoa zaidi huduma ya kihandisi: ubunifu wa vifaa, ushauri, mafunzo mafupi kwa mafundi na viwanda. IFM hutoa mafunzo na ushauri kwa taasisi za fedha, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipitishwe, mtu anayeelewa kompyuta na taratibu za kifedha kwa pamoja anatafutwa. Mchango mkubwa wa Huria kwa jamii ni ule mlango wenyewe kuwa wazi.

Ratiba, mahali na gharama

Hapa kwa kifupi. UDSM, DIT na IFM zinadai uwepo wako mchana, siku za kazi. Kuchanganya na ajira ya kudumu ni kujitesa. Mwendokasi (mabasi ya haraka) ya Morogoro Road inapita mlangoni mwa DIT, na IFM unafika kwa kushuka Posta. Kijitonyama inategemea foleni ya Mwenge na Makumbusho. Huria haidai safari za kila siku, na muda wa kumaliza unanyumbulika kulingana na masomo unayoyabeba kwa mwaka.

Ada linganisha kwa mwaka mzima, si kwa semista, kisha jumlisha kodi ya chumba, nauli, bando na kompyuta mpakato. Kozi ya miaka 4 ina mwaka mmoja zaidi wa gharama hizo zote. Anayetegemea mkopo asome mwongozo wa Bodi ya Mikopo wa mwaka husika kabla ya kuomba chuo, hasa kama anaelekea masomo ya masafa.

Ukiwa na hali hii, anzia hapa

*Umefaulu hisabati vizuri na unaipenda, na unafikiria akili mnemba, uzamili au kufundisha.* Anza na UDSM. Unapofika, mtafute mhadhiri mwenye mradi wa utafiti mwaka wa pili, usisubiri wa mwisho.

*Unapenda kufungua vifaa, mitandao, umeme, roboti.* DIT iwe ya kwanza, na uhandisi wa kompyuta wa UDSM uwe wa pili. Kama umemaliza Kidato cha Nne na hutaki kwenda Kidato cha Tano, njia ya diploma ya DIT hadi shahada ni njia kamili. Ni ndefu, lakini utatoka na mikono iliyozoea kazi.

*Unaiona kesho yako benki, kwenye kampuni ya malipo ya simu, kwenye ukaguzi wa mifumo au mamlaka ya mapato.* IFM itakupa lugha ya watu hao mapema. Ukichagua UDSM kwa lengo hilohilo, jisomee uhasibu wa msingi pembeni.

*Una ajira au familia na huwezi kuziacha.* Huria, kwa sharti moja: pangilia saa zako kabla ya kulipa ada, na mwenzi wako au wazazi wako wajue hizo saa ni za nini.

*Alama zako ziko ukingoni.* Kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza ni masomo mawili ya ufaulu mkuu yenye jumla ya pointi 4.0, lakini kozi za kompyuta hushindaniwa na nyingi huweka sharti la hisabati juu ya hapo. Panga machaguo yako kwa ngazi, usijaze kozi tatu zenye ushindani uleule. Diploma yenye GPA (wastani wa alama) ya 3.0 au zaidi nayo hukuruhusu kuomba shahada.

*Bado hujajua unapenda nini.* Nenda Mnazi Mmoja wakati wa maonesho ya elimu ya juu ya TCU, mwezi Julai. Vyuo vyote hivi huweka mabanda hapo. Usiulize kuhusu ajira. Kila banda litakujibu vizuri. Waulize wahadhiri na wanafunzi: “Mwaka jana wanafunzi wenu wa mwisho walitengeneza nini, na naweza kuona mojawapo?” Kisha lipeleke swali la shilingi 50,000 za Tandale katika kila banda, na usikilize ni jibu la nani linalokufanya utake kubaki na kuuliza zaidi.